Mtaa Usio na Kiziwi

Sinikiwe aliingia Ijumaa jioni na gari lake jeupe kutoka Johannesburg. Kabla hajafungua mlango nilishajua anasema nini, maana alikuwa akizungumza peke yake nyuma ya kioo: "Mungu wangu, huu mtaa haubadiliki." Sikukasirika. Mtaa haubadiliki kweli, na mimi ni mmoja wa wanaouzuia.

Sinikiwe ni binti yangu wa pekee. Mimi naitwa MaGumede. Ujana wangu wote nimefuma nguo hapa Bulawayo, na nyumba ninayokaa ilikuwa ya kiwanda. Walipofunga kiwanda walitupa nyumba hizi badala ya kiinua mgongo, na nina hakika walicheka wakienda zao. Wacha wacheke. Wao sijui wako wapi siku hizi, mimi niko kwenye baraza langu.

Masikio yangu hayafanyi kazi. Nalisema mapema ili tusizungushane. Mle ndani ya ukumbi wa kufuma mashine zilikuwa zinanguruma kiasi kwamba ungeweza kupiga mayowe sikioni mwa mwenzako asikusikie, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua na sauti. Tulisema kwa mdomo mtupu. Unafungua kinywa vizuri, neno unalichonga lote kwa midomo, mkono unasaidia hapa na pale, na mwenzako aliye mwisho wa ukumbi anakuelewa mpaka utani. Tulisutana hivyo, tukaposwa hivyo, tukaombeana chumvi hivyo. Fundi wa mashine aliyetaka mke kwetu alinyoa masharubu kwanza, maana nani angemsoma? Mpaka leo wanaume wa mtaa huu hunyoa mdomo wa juu kila asubuhi, hata mgonjwa.

Basi kelele zile zilinila masikio kidogo kidogo, nami nisijue, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitumia sauti. Siku walipozima mashine wenzangu walilia, wakasema kimya kile kinatisha. Nililia nao. Lakini sikuona tofauti yoyote.

Nusu ya wanawake wa mtaa huu tumetoka ukumbi ule mmoja. Barabara yetu ni pana, lori na trela lake ziligeuka hapa kuingia getini, na MaHadebe anakaa ng'ambo, nyumba inayotazamana na yangu. Asubuhi anapunga kitambaa cha vyombo nimwone, kisha tunaanza: nani amefiwa, maji yatatoka lini, mjukuu wake amefeli nini. Kila mmoja kwenye baraza lake, chai mkononi, hakuna anayenyanyuka. Vijana waliohamia ghala la kiwanda la kufungia mizigo wakatengeneza vitanda na makabati, na wale akina dada wanaootesha uyoga kwenye chumba cha rangi, wote wamejifunza mdomo mtupu. Ilibidi. Wateja wao ni sisi.

Wageni husema mji huu umetulia. Wanasifia barabara pana, mijakaranda, watu wasio na haraka. Ni kweli, sikatai. Mimi nausifia midomo yake. Hapa mtaani mimi si kiziwi. Huwa kiziwi nikipanda basi kwenda kwingine.

Sinikiwe hakuwa akijua. Mtaa mzima uliilinda siri hiyo kwa sababu niliwaomba. Akipiga simu ya picha namsoma, na picha ikikwama nabahatisha, mara nacheka, mara nasema pole. Angejua angenichukua siku hiyo hiyo. Mtoto gani anayejiheshimu humwacha mama yake kiziwi peke yake na jiko la gesi? Nisingemlaumu. Lakini nisingeishi.

Na safari hii alikuja kunichukua. Alishaniambia: chumba kipo tayari, ghorofa ya nne, dirisha linaangalia jua, na Jumamosi angekuja mtu kuitazama nyumba.

Usiku ule wa Ijumaa MaHadebe alikuja kula kwetu, kama kawaida yake binti yangu akiwepo. Mtu asiyejua angesema ni mlafi. Alikuja kuwa masikio yangu. Nilikuwa natayarisha isitshwala, ugali wetu, na amacimbi, wale viwavi wa porini ambao Sinikiwe huwatafuta Johannesburg asipate wenye ladha. Yeye akachukua mwiko, akanipa mgongo, akawa anasonga. Niliona mabega yake yanacheza. Alikuwa anaongea.

"Anauliza kama umeshafunga vitu," MaHadebe aliniambia kwa mdomo mtupu toka upande wa pili wa meza.

"Vitu gani?" nikajibu kwa sauti. "Nina masufuria mawili na picha ya baba yako."

Mabega yakacheza tena. "Anasema ufunge na makoti, kule kuna baridi. Anasema pia MaHadebe anakula sana."

"Hajasema hivyo."

Sinikiwe akageuka ghafla. "Nani hajasema nini?" MaHadebe alinaswa mdomo wazi, neno likiwa nusu. "Na wewe MaHadebe, unatafuna nini na chakula hakijapakuliwa?"

"Meno yangu ya bandia, mwanangu. Yamesikia harufu, yanataka kutangulia."

Binti yangu akacheka, akaketi, na kwa kuwa sasa alinitazama usoni nilimpata neno kwa neno. Ana mdomo mzuri wa kusomeka, kaurithi kwangu.

"Mama, tuseme ukweli. Hapa kuna nini? Maji yanatoka siku wanayojisikia. Umeme ndio huo. Kiwanda kimebaki kuta. Rika langu lote limeondoka."

"Kuna kuku wangu."

"Una kuku mmoja."

"Ndiye huyo nimsemaye."

"Mama."

"Kuna chama chetu cha mazishi. Nimechangia tangu nina kiuno chembamba. Huko kwako nani atanizika?"

"Nataka uje uishi, sikuiti uje uzikwe." Akanishika mkono. "Nakuogopea. Hujui tu jinsi ninavyokuogopea."

Nilikuwa na jibu moja la kweli na sikuweza kulitoa, maana lingekuwa la kwangu nusu sekunde tu, kisha lingegeuka kuwa la kwake. Ningemwambia kwamba hapa ndipo mahali pekee ninaposikia, naye angesema: kumbe husikii? MaHadebe aliinamia sahani yake, akala wale viwavi bila kumwangalia mtu.

Jumamosi asubuhi mnunuzi akaja. Anaitwa Farirai, kijana wa Harare, kazi zake ni za kompyuta. Sinikiwe alimleta mpaka barazani, akatutambulisha. Kijana akavua kofia, akapiga magoti kidogo kwa adabu, akaanza kusema. Alikuwa na ndevu. Si ndevu za mchezo. Zilikuwa nyeusi, zimechanwa vizuri, na masharubu yalimwangukia mdomo wote kama pazia. Nilitafuta hata ncha ya mdomo wa chini nisiione.

Sinikiwe alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. MaHadebe alikuwa mazoezi ya kwaya, kwenye ghala la zamani la pamba. Nilikuwa peke yangu na ndevu zile.

Nikafanya kile ninachofanya picha ikikwama. Nilitabasamu. Kijana akaonyesha barabara, akatanua mikono kupima upana wake. Nikaitikia kwa kichwa. Akaonyesha mjakaranda, maua yake ya zambarau yamemwagika mpaka mtaroni. Nikaitikia. Akaonyesha kule kiwandani ambako vijana walikuwa wakipiga randa, akaweka mkono kifuani, akasema kitu kirefu na macho yake yakalainika. Ana macho ya mtu mwema, ndiyo maana nilimwitikia kwa moyo wote. Mwishowe akaonyesha kuku wangu, akauliza jambo. Nikacheka, nikaitikia sana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Alipoondoka Sinikiwe alikuja mbele yangu, akachuchumaa. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Asante, mama. Sikutegemea kama ungekubali kirahisi hivi."

"Nilikuwa nimeshafikiria," nikasema.

"Mwisho wa mwezi si mbali, lakini nitachukua likizo, tutapanga wote. Na yeye kafurahi sana. Umemsikia? Kule kwao anamaliza asubuhi nzima ndani ya gari. Hapa atakwenda kazini kwa miguu, watoto wake wataendesha baiskeli barabarani. Anasema katembea miji mingi lakini hapa ndipo alipoamkiwa na watu asiowajua." Akajifuta macho. "Na kuku umempa. Hilo ndilo lililonishangaza."

"Kuku?"

"Si amekuuliza kama utawaachia watoto wake?"

Nyumba na kuku, asubuhi moja, kwa sababu ya kichaka cha mtu usoni. Sinikiwe akanibusu, akaenda kumpigia mumewe simu ndani ya gari, maana umeme ulikuwa umekatika na simu anaichaji humo. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, hatua chache kupita geti langu, limeelekea mjini. Nilimwona kisogo, simu sikioni, akanitoka akilini.

Nilikwenda getini kwa sababu miguu haikukubali kukaa. Hapo ndipo MaHadebe alipotokea na sare yake ya kwaya, akasimama kwenye geti lake.

"Amekuja?" aliniuliza kwa mdomo mtupu.

"Amekuja, na nimemuuzia nyumba."

"Umerogwa?"

"Ana ndevu, MaHadebe. Ana ndevu mpaka hapa. Sikuambulia hata neno. Niliitikia tu, niliitikia kila kitu, kumbe ananiuliza kama nitahama mwisho wa mwezi."

"Mwambie mtoto."

"Nimwambie nini? Kwamba mama yake ni kiziwi? Kwamba miaka yote hii sijasikia sauti yake hata siku moja, nasoma tu? Ataniweka garini leo hii, na kuku nitamwacha."

"Afadhali umwambie kuliko kupelekwa kama mzigo."

Hapo nilipandwa na hasira, na hasira yangu ikishapanda mikono nayo husema. Nilimwambia MaHadebe yote. Nilimwambia kwamba nimewahi kukaa wiki mbili kwenye ghorofa lile, watu wanaongea huku wameinamia simu, wanaongea wakitembea, wanaongea toka chumba kingine. Kwenye lifti mwanamke alinisemesha nikamtabasamia mpaka akaniogopa. Mkwe wangu ni mtu mzuri lakini anafungua mdomo kama anayebana sindano. Nilikaa pembeni siku zote zile nikisubiri mtu anigeukie. "Kule mimi ni kiziwi," nikamwambia. "Hapa si kiziwi. Hapa hata muuza mkate ananigeukia. Nisipokuwa hapa sitakuwa mtu, nitakuwa kitu wanachokizunguka. Nampenda mtoto wangu kuliko macho yangu, lakini akinitoa hapa ataniua, na hatajua kama kaniua."

MaHadebe alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa akiangalia gari.

"Geuka," aliniambia.

Niligeuka. Kwenye kile kioo cha pembeni cha gari, upande wa dereva, niliona macho ya binti yangu. Simu ilikuwa imeshuka mapajani. Sijui alikuwa akinitazama tangu lini.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nani aliyekuwa akisimama nje ya uzio wa kiwanda kila siku akitoka shule, mkoba mgongoni, nami dirishani mwa ukumbi nikimwambia mkate uko kabatini, usimfungulie mtu, fanya hesabu zako? Watoto wote wa mtaa huu walijua mdomo mtupu kabla hawajajua kusoma kitabu. Ndiyo maana hatukuwa na siri ndani ya nyumba, tulikuwa tukigeukia ukutani kusengenya. Nimemfundisha mimi mwenyewe. Johannesburg ikanifanya nidhani amesahau.

Alitoka garini, akapita mbele yangu, akachukua ufagio, akafagia maua ya mjakaranda uwanja mzima, kisha akafagia tena pale alipokwisha kufagia. Nilikaa barazani nikimtazama mgongo. Nilisubiri anigeukie aniambie nifunge vitu.

Jioni umeme ulikuwa bado. Akawasha taa ya kandili. Siku zote taa huwa katikati ya meza. Yeye aliisogeza, akaiweka karibu na uso wake mwenyewe, ikammulika kidevu na midomo. Nikajua kwamba anajua.

"Tangu lini?" aliniuliza. Alisema kwa mdomo mtupu. Ulikuwa mdomo wa mtoto yule yule wa kwenye uzio, mpana, wa polepole.

"Kabla kiwanda hakijafungwa."

"Na hukuniambia."

"Ungenichukua."

"Ningekuchukua," akakubali. "Mama, unajua kwa nini nilitaka kukuhamisha? Mwezi wa tano nilikupigia nikakwambia baba mkwe wangu amefariki. Ukacheka. Ulicheka, mama, ukasema vizuri sana, mpe salamu zangu."

"Picha ilikwama," nikasema. Aibu ilinishika mpaka masikioni, hayo hayo mabovu.

"Na mara ile nilikwambia nimepandishwa cheo ukaniambia pole, Mungu atakutia nguvu. Nilikaa jikoni nikalia. Nilidhani akili yako inaondoka. Nimemuuliza daktari, nimesoma, nimekosa usingizi. Nikasema nimwahi mama yangu kabla hajanisahau jina."

Nilitazamana naye. Nilikuwa nimeficha masikio ili nisihamishwe, kumbe masikio niliyoyaficha ndiyo yaliyokuwa yakinihamisha.

"Sinikiwe," nikasema. "Akili ninayo."

"Najua. Nimekusoma leo. Mtu aliyechanganyikiwa hamsemi mkwe wake kiasi kile."

Tukacheka, kisha tukalia, kisha tukacheka tena. Sijui yeye alikuwa na sauti au hakuwa nayo. Aliniuliza namna ninavyojua mtu yuko mlangoni, nikamwonyesha ubao wa sakafu uliolegea pale kizingitini. Mtu akiukanyaga mimi naupata kwa nyayo. Nani anaangalia gesi? MaHadebe, kila usiku, kabla hajalala. Na MaHadebe akiugua? Nikamhesabia nyumba kwa majina mpaka akaniambia basi, mama, imetosha. Hakuridhika na yote. Alisema nitakwenda kupimwa masikio na hilo si ombi, na kwamba kuanzia sasa picha ikikwama nikate simu. Nilikubali yote mawili, safari hii nikijua ninachokubali.

Asubuhi ya Jumapili Farirai alikuja kutazama vipimo vya jikoni. Sinikiwe alimweleza taratibu pale getini kwamba nyumba haiuzwi. Niliona mabega ya kijana yakishuka na nikamwonea huruma, kwa sababu alichokipenda hapa nakipenda na mimi.

"Mwambie nyumba ya pili kutoka kwa MaHadebe ni tupu," nikamwambia Sinikiwe. "Mwenyewe yuko Uingereza, anatafuta mpangaji. Ila mwambie na sharti."

"Sharti gani?"

"Anajua mwenyewe atapita dukani kununua nini."

Sinikiwe alimwambia. Kijana alijishika ndevu kwa mikono miwili, akatazama mtaa juu na chini, wanaume wote waliokuwa nje na midomo yao iliyonyolewa safi. Akasema kitu. Nikamgeukia binti yangu.

"Anasema mke wake atafurahi," Sinikiwe akanitafsiria, na akanitafsiria kwa uso ulionielekea kabisa, mchana kweupe, mbele ya mtu. Sikuona aibu niliyokuwa nikiitegemea.

Aliondoka baada ya chakula cha mchana. Nilimfungia amacimbi kwenye ndoo, nikamfunikia maziwa ya mgando kwa kitambaa. Hatukukumbatiana sana, kwetu si watu wa hivyo. Akaingia garini, nami nikabaki getini nikiangalia gari jeupe linavyozidi kuwa dogo kwenye ile barabara pana, na moyo wangu ukaenda nalo, nisidanganye. Kubaki mahali unapopapenda hakumzuii mtoto kuondoka.

Kule mwisho, pale lori zilipokuwa zikigeukia, gari likasimama. Sinikiwe akashuka. Akasimama katikati ya barabara, akanielekea, akaweka mikono kando ya mdomo ili jua lisinifiche midomo yake, akaufungua vizuri.

"Mama," alisema kwa mdomo mtupu. "Kaa hapa. Nimekuelewa. Nakupenda."

Alidhani ananiambia mimi peke yangu. Amekaa Johannesburg mno. Barazani, getini, chini ya mijakaranda, mtaa mzima ulikuwa nje baada ya chakula, na wote walikuwa wakimtazama. Mkono wangu haujainuka, MaHadebe ng'ambo alishapunga kitambaa chake cha vyombo, na kina mama wenzangu wa ukumbi wakapunga vya kwao, geti baada ya geti mpaka kule aliko, na midomo yote ikamjibu neno moja.

"Tumesikia."